Adui anakufungulia kambi uhesabu vifaru vyake: Ulaya waliwezaje, na sisi huku Kivu tunakwama wapi?

Dada mmoja wa Himbi hapa Goma, anamaliza masomo ya sheria, aliniandikia hivi: "Mwalimu, mu kozi ya droit international balitufundisha kama kule Ulaya basoda ba upande moja balikuwa banaingia mu kambi ya adui na kuhesabu vifaru, na adui mwenyewe njo anabafungulia mulango. Ile iliwezekana namna gani? Na juu ya nini sisi tuko na mekanisme ya verifikasio tangu 2012 na vita inaendelea? Tena, mutu wa sivili kama mimi anaweza fanya ile kazi?"

Asante sana dada yangu. Swali lako liko na vipande vitatu na nitavijibu vyote, ila cha kwanza kitakula nafasi kubwa juu bila kukielewa hicho, hivi vingine viwili vitabaki hewani.

Jibu la haraka ni hili: adui alifungua mlango juu alikuwa ameshaandika yeye mwenyewe, kwa sahihi ya serikali yake, kwamba ndani ya ile kambi kuna vifaru kadhaa, mizinga kadhaa, ya aina fulani, chini ya kikosi fulani. Mkaguzi anapokuja haji kutafuta siri, anakuja kulinganisha karatasi na kile macho yanaona. Hesabu ya kwanza, ile inayoandikwa mbele ya ukaguzi wowote, njo roho ya hii kazi yote, na ukinisoma mpaka chini utaona njo kitu kinachotukosa sisi.

Ulaya wenyewe hawakulijua hilo tangu mwanzo, waliumia nalo miaka mingi. Mwaka 1973 nchi za NATO, yaani Magharibi, na nchi za Mkataba wa Warsaw, yaani Mashariki ya Wasovieti, walikaa Vienna kuzungumza kupunguza majeshi katikati ya Ulaya, wakazungumza mpaka 1989, miaka 15 na zaidi, na hawakusaini kitu. Moja ya sababu kubwa ilikuwa hesabu: mwaka 1976 upande wa Mashariki ulileta idadi ya askari wake, upande wa Magharibi ukasema hapana, sisi tunaona mko na watu zaidi ya 150,000 juu ya hiyo mnayosema, na kuanzia hapo kila mkutano ukawa unarudi kwenye hiyo tofauti, huyu anasema umedanganya, yule anasema umehesabu vibaya, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kwenda kuangalia. Fikiria mazungumzo yanakwama miaka yote hiyo juu ya namba ambayo hakuna mtu anaweza kuihakikisha.

Ndiyo maana walipoanza upya walibadilisha kitu cha kuhesabu, na mimi nafikiri huu ulikuwa uamuzi wa akili kuliko yote. Mtu anavua uniformi anavaa jinzi, kesho huwezi kumhesabu. Kifaru cha tani 40 hakivui nguo. Kwa hiyo mkataba wa majeshi ya kawaida Ulaya, ambao wote tunauita CFE, uliosainiwa Paris tarehe 19 Novemba 1990 na nchi 22, ulihesabu mashine za aina 5 tu: vifaru, magari ya deraya, mizinga mikubwa, ndege za vita na helikopta za kushambulia. Kila upande ulipewa kikomo kile kile, vifaru 20,000, magari ya deraya 30,000, mizinga 20,000, ndege 6,800, helikopta 2,000. Kinachozidi kinavunjwa. Na walichagua hizo aina tano juu njo zinazotumika kuvamia nchi ya mtu kwa haraka, hawakuhangaika na bunduki wala na malori.

Lakini mbele ya 1990 kulikuwa na hatua moja ndogo ambayo watu wanaisahau, na bila hiyo CFE isingezaliwa. Septemba 1986 kule Stockholm nchi 35 zilikubaliana kwamba nchi yoyote ikiwa na mashaka na mazoezi ya kijeshi ya nchi nyingine inaweza kuomba kwenda kukagua uwanjani na anayeombwa hana haki ya kukataa. Soma tena: hana haki ya kukataa. Muungano wa Sovieti ulikuwa umekataa hilo jambo tangu vita ya pili ya dunia, ukisema ukaguzi ni ujasusi uliovaa koti la diplomasia, sasa chini ya Gorbachev wakalikubali, na Agosti 1987 maafisa wa Kimarekani walifika karibu na Minsk kuangalia mazoezi ya jeshi la Sovieti. Hakuna siri iliyoibiwa, hakuna aliyepoteza heshima, na majenerali wa pande zote mbili wakaona kwamba hii kitu inafanyika.

Sasa nikueleze ile siku ya ukaguzi yenyewe ilivyokuwa inakwenda, juu naona njo sehemu iliyokushangaza, na kweli ni nzuri kuijua kwa undani. Kila mwaka, mwezi wa 12, kila nchi ilikuwa inatoa kitabu kizima cha hesabu zake kama zitakavyokuwa tarehe 1 Januari: kikosi gani, kiko wapi kwa kordone za ramani, kiko na mashine ngapi za aina gani, nani anakiamuru, na wanabadilishana hivyo vitabu wote kwa wote. Kisha nchi fulani inatuma taarifa kwamba timu yetu, watu wasiozidi 9, itafika kwenye mlango wenu fulani wa kuingilia, na taarifa inatoka masaa 36 tu mbele ya kufika. Hapo bado hawasemi wanaenda kambi gani! Wanasema baada ya kufika, na kuanzia wakitaja jina la kambi mwenyeji hana muda wa kuhamisha kitu kikubwa bila kuonekana. Wanapelekwa, komanda wa kambi anawapokea, anawaeleza hali, anawaambia leo hii vifaru kadhaa viko gereji, kadhaa viko mazoezini, halafu wanaanza kutembea na karatasi mkononi. Mkataba unataja mpaka vifaa wanavyoruhusiwa kubeba, darubini, kamera, tepu ya kupimia, tochi, dira, kompyuta ya mkononi. Kuna maafisa wa mwenyeji wanatembea nao kila hatua. Wako na kinga kama ya wanadiplomasia.

Na kuna kanuni moja ya mlango naipenda sana juu inaonyesha jinsi walivyofikiri kwa uzito. Jeshi lolote liko na vitu halitaki vionekane, codi, redio, makaratasi, na ni haki yake. Sasa utamruhusuje mkaguzi aangalie kila mahali bila kumpa siri ambazo hazihusu mkataba? Walikubaliana: chumba ambacho mlango wake haufiki mita 2 mkaguzi hana haki ya kuingia. Kwa nini? Juu kifaru hakipiti kwenye mlango wa mita 2. Chumba cha codi kinabaki siri, gereji inabaki wazi, na hakuna haja ya kugombana. Kama kuna kitu kikubwa kimefunikwa na turubai, mwenyeji anaweza kukataa kufunua ila lazima aeleze, na hicho kinaandikwa. Mwisho wa ukaguzi wanaandika ripoti, na kama kuna jambo halikueleweka linaandikwa ndani humo humo pamoja na maelezo ya mwenyeji, pande zote mbili wanasaini, na kila upande unabaki na nakala yake. Siyo mkuu mmoja anaiweka kwenye droo yake. Wote wawili wako nayo.

Utaniuliza, hawakudanganya? Walijaribu, na ni vizuri ujue. Mkataba ulikuwa unahusu eneo la kutoka bahari ya Atlantiki mpaka milima ya Ural, na miezi ya mwisho mbele ya kusaini Wasovieti walivusha makumi ya maelfu ya mashine upande wa pili wa Ural, kwenye Asia, ambako mkataba haufiki. Kisheria hawakuvunja kitu, karatasi ilikuwa bado haijasainiwa. Kisha kwenye hesabu yao wakasema divisheni kadhaa za jeshi la nchi kavu sasa ni za jeshi la majini kwa hiyo zisihesabiwe. Wenzao wakaona mara moja juu walikuwa na hesabu zao za zamani za kulinganisha, wakakataa kuridhia mkataba mpaka jambo liishe, na Juni 1991 Moscow wakakubali kwamba zile divisheni zinahesabiwa na pia wakaahidi kuharibu au kubadilisha mashine 14,500 kule mashariki ya Ural. Kwa mimi huu ni ushahidi mzuri kwamba mfumo ulifanya kazi hata mbele ya kuanza, juu mwenye kudanganya alilazimika kudanganya kwa namba iliyoandikwa, na namba iliyoandikwa inashikika.

Kuvunja nako kulikuwa na sheria zake. Hutoi injini ukasema kifaru kimekufa. Kwa kukata, wanakata bomba la mzinga, wanaharibu sehemu ya kupakia risasi, wanakata mpaka vipande vya bodi ili kisiunganishwe tena, au wanalipua, au wanakifanya shabaha ya mazoezi, na taarifa inatolewa mbele ili nchi nyingine yoyote ikitaka ije kusimama pale kuangalia na kusoma namba za serie kabla na baada. Zaidi ya mashine 50,000 ziliondolewa namna hiyo na ukaguzi ukapita 4,000. Siijui kazi nyingine ya kupunguza silaha iliyofika ukubwa huo bila mtu kupigwa risasi.

Kuhusu ushirikiano wenyewe, kwa nchi moja peke yake ile kazi ilikuwa haiwezekani. Kila nchi ilikuwa na idadi ya ukaguzi iliyolazimika kupokea kwa mwaka, sasa kama nchi 16 za NATO zote zinataka kwenda kambi ile ile mwezi ule ule zinamaliza nafasi bure. Ndio wakaunda kamati yao ya kupanga nani anakwenda wapi lini, wakaweka databezi moja ya hesabu zote, kisha Mkataba wa Warsaw ulipovunjika wakaifungua kwa nchi za Mashariki, mpaka unakuta timu moja iko na Mjerumani, Mhangaria na Mturuki ndani, wanakagua pamoja. Huyo Mhangaria miaka michache nyuma alikuwa adui kwenye karatasi.

Na Wahangaria hao hao wako na kisa kinachotuhusu sana sisi watu wa mipaka. Hungary na Romania wana ugomvi wa zamani juu ya Transylvania, watu wa kabila la Kihangaria wanaoishi upande wa Romania, mnaelewa aina hiyo ya ugomvi bila kuelezwa. Mwaka 1991 nchi hizo mbili zilisaini mapatano yao wenyewe ya kurushana ndege: ndege ya mmoja inapita juu ya nchi ya mwingine inapiga picha za kambi, ila ndani ya ndege kuna maafisa wa nchi zote mbili wameketi pamoja, na picha wanapata wote wawili. Hawakungoja wakubwa wa dunia. Mkataba mkubwa wa Open Skies ulisainiwa Helsinki mwaka uliofuata, Machi 1992, ukaanza kazi 2002, ukafikia nchi 34 na safari zaidi ya 1,500, na kanuni ilikuwa ile ile, anayepigwa picha yuko ndani ya ndege na kila nchi ya mkataba inaweza kuomba nakala.

Sasa linganisha na sisi. Desemba 2013, hapa hapa Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha drone zake za kwanza za upelelezi zisizo na silaha, kwa MONUSCO, kikosi chake cha kulinda amani hapa Kongo, mara ya kwanza kwenye historia ya kulinda amani. Tulikuwa tunazisikia juu ya vichwa vyetu. Zilisaidia, sibishi, ila picha zilibaki za MONUSCO, hakuna afisa wa Kongo na wa jirani walioketi kwenye skrini moja wakaona gari lile lile likivuka kilima kile kile saa ile ile. Kwa hiyo kila picha iliyotoka ilikuwa ya kubishaniwa. Mashine ilikuwa nzuri kuliko ndege nyingi za miaka ya 90, kilichopungua ni nani ameketi wapi.

Mfano mwingine, huu ni wa watu waliotoka kuuana kabisa. Bosnia. Vita ilikwisha kwa mapatano ya Dayton mwishoni mwa 1995, na Juni 1996 pale Florence wakasaini mkataba wa silaha ulioiga CFE: Yugoslavia ya wakati ule inapata sehemu 5, Croatia 2, Bosnia 2, na hizo 2 za Bosnia zinagawanywa tena kati ya majimbo yake mawili. Ukaguzi wa kwanza ulifanyika makaburi yakiwa bado mabichi. OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, ilisimamia, ikaleta maafisa kutoka nchi nyingi kuketi katikati ya timu, wanawafundisha wenyeji kujaza zile fomu na kuandika ripoti, na mwisho wa 1997 zaidi ya silaha kubwa 6,500 zilikuwa zimeharibiwa. Polepole wageni wakapungua na wenyeji wakashika kazi, mwaka 2014 wakakabidhiwa yote. Kila ninapomsikia mtu anasema "sisi chuki yetu imezidi, hatuwezi", namtajia Bosnia, na sitajii kwa kubishana, nataja juu naamini.

Ila nisikudanganye kwamba hii dawa inatibu kila kitu. Urusi ilisimamisha CFE Desemba 2007, ikaacha hata kuja kwenye kikao cha mashauriano 2015, ikatoka kabisa tarehe 7 Novemba 2023 na nchi za NATO nazo zikasimamisha. Marekani ilitoka kwenye Open Skies Novemba 2020, Urusi ikafuata Desemba 2021. Kilibaki kile kitabu cha Vienna, mapatano mengine ya nchi za OSCE ya kujulishana mambo ya kijeshi, kinachodai nchi itoe taarifa siku 42 mbele ikiwa inakusanya askari 9,000 au vifaru 250. Februari 2022 Ukraine ilitumia hicho kitabu kuiuliza Urusi, hao askari mpakani ni wa nini, kikaitishwa kikao, Urusi haikuja. Siku chache baadaye unajua kilichotokea. Mimi naisoma hivi: ule mfumo uliona. Maswali yaliulizwa kwa wakati na kule kukataa kujibu kwenyewe kulikuwa jibu. Uhakiki unakupa muda na unaondoa visingizio, basi. Kumzuia aliyeamua kupigana ni kazi ya vitu vingine, na tukiudai uhakiki ufanye hiyo tutauhukumu bure.

Tuje nyumbani.

Wewe unasema tangu 2012, ila historia yetu inaanza nyuma kidogo na watu wa umri wako hamkuiona. Mapatano ya Lusaka ya Julai 1999, ya kusimamisha vita ya Kongo, yalikuwa na tume ya pamoja ya kijeshi, na mwaka 2000 zikapangwa ramani za kutenganisha majeshi, kila upande unarudi nyuma kilomita 15 kwenye posisheni zilizoandikwa, na mwaka 2001 waangalizi wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichotangulia MONUSCO, wakaenda kuangalia posisheni moja moja. Na ilishika! Ule mstari wa mbele uliokata nchi katikati ulinyamaza kwa sehemu kubwa. Mimi naona ni juu posisheni zilikuwa zimeandikwa. Kivu hapa vita viliendelea juu vikundi vya hapa havikuwa kwenye ramani yoyote. Unaona tofauti?

Kisha 2002, mapatano ya Pretoria ya Julai kati ya Kongo na Rwanda, Rwanda inaondoa jeshi lake, na kukawekwa mekanisme ya mtu wa tatu, Afrika ya Kusini na Umoja wa Mataifa, wakahesabu askari zaidi ya 20,000 wakitoka mpaka Oktoba. Kazi ya kuhesabu ilifanyika vizuri. Lakini walioingia mbele walikuwa wangapi? Hakukuwa na namba ambayo wote wawili waliisaini. Kwa hiyo siku ya pili tu baada ya kutoka yule wa mwisho ubishi ulianza kama wametoka wote au hapana, na mpaka leo kila mtu anabaki na ukweli wake. Ni kama likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ambayo hakuna aliyeandika kwenye daftari nani ametoa ngapi, ukifika mwisho wa mwezi hata mhasibu wa benki hawezi kuwaamua.

Ile ya 2012 unayoitaja ni MCVE, mekanisme ya pamoja ya uhakiki iliyopanuliwa, ya CIRGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, iliyofunguliwa hapa Goma Septemba 2012, maafisa kutoka nchi za kanda wakakaa pamoja. Nawaheshimu wale maafisa, kazi yao ni ngumu. Ila angalia walipewa kufanya nini: kukitokea tukio, bomu limeanguka, askari amevuka mpaka, wanakwenda kuchunguza. Wanafika baada ya jambo. Ripoti inapanda kwa wakuu wa majeshi na mawaziri wa ulinzi wa kanda, na mwananchi wa Kibumba aliyeomba uchunguzi mara nyingi haoni hata ukurasa mmoja. Novemba 2024 ikaongezwa nyingine hapa hapa mjini chini ya Angola, na maafisa wa Kongo na Rwanda ndani, jambo zuri, maadui kwenye timu moja, lakini haikupata hata miezi mitatu, mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji. Tarehe 14 Oktoba 2025 kule Doha serikali na AFC/M23, muungano wa waasi ambao M23 iko ndani, wakasaini mekanisme nyingine ya kusimamia na kuhakiki kusitisha mapigano, CIRGL iko ndani, Qatar, Marekani na Umoja wa Afrika kama waangalizi.

Zote hizo swali lao ni "nani amepiga". Hakuna inayoanza na "wewe uko na nini, wapi, ngapi, andika hapa usaini". Na mimi nasema wazi, bila hilo swali la pili, la kwanza halitajibiwa kamwe kwa namna ambayo wote wawili wataikubali.

Kuna watu watasema CFE ilikuwa ya serikali na serikali, huku kwetu kuna vikundi vya msituni na silaha ni AK ambayo inafichwa chini ya makaa. Ni kweli, kwa AK njia ya gereji na mita 2 haifanyi kazi. Lakini kuna waliofanya. Nepal 2006, serikali na waasi wa Kimao (Wamao) walikubaliana, silaha za Wamao zikaandikishwa karibu 3,500, namba kwa namba, zikafungiwa kwenye kontena ndani ya makambi yao wenyewe, funguo wakabaki nazo wao, Umoja wa Mataifa ukaweka kamera na king'ora, na jeshi la serikali nalo likafungia idadi ile ile ya bunduki zake. Hiyo ya mwisho njo ilifanya wapiganaji wakubali, hakuna aliyehisi amevuliwa nguo peke yake. Colombia nako timu ilikuwa ya watu watatu pamoja, mwanajeshi wa serikali, mpiganaji wa kundi la waasi la FARC na mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, kwenye gari moja, na mwaka 2017 karibu silaha 9,000 zikatoka mikononi. Mtu wa FARC akisikia kijiji kinalalamika juu ya wenzake alikuwa analazimika kwenda yeye pia kuangalia na kuweka sahihi yake kwenye kile walichokikuta.

Kwa bunduki ndogo sisi tuna sheria tayari, na sielewi kwa nini hazizungumzwi mitaani: Protokole ya Nairobi ya 2004, na Mkataba wa Kinshasa uliopitishwa kwenye mji wetu mkuu Aprili 2010 na ukaanza kazi Machi 2017. Zinadai kila bunduki ipigwe alama, iandikwe kwenye rejista, na nchi zijibiane zikiulizana bunduki hii ilitoka kwenu lini kwenda wapi. Ile groupe ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2004 kufuatilia embargo ya silaha ya 2003 njo inavyofanya kazi, wanapiga picha namba ya serie, alama ya kiwanda, mwaka, wanaandikia nchi iliyotengeneza. Kukiwa na rejista ya kweli ya bunduki za serikali, bunduki moja iliyookotwa Masisi inaweza kueleza ilitoka depo gani na mwezi gani. Bila rejista inabaki chuma tu. Na depo zenyewe ni hatari bila hata vita, tulimwona jirani wetu Brazzaville Machi 2012, depo ya risasi ya Mpila ililipuka katikati ya makazi na karibu watu 300 wakafa.

Kama ningekuwa na nafasi ya kuwaambia kitu kimoja wale wanaokaa mezani, ningewaomba waanze na mizinga na drone peke yake, waache bunduki kwanza. Ni vitu vichache, vinaonekana, njo vinavyoua watu wa kambi za wakimbizi kwa mbali. Kila upande uandike iko wapi, timu ya mchanganyiko itembelee kwa taarifa ya masaa machache, ripoti isainiwe na wote na itoke hadharani. Nakiri kwa moyo wote nina hamu ya kuiona hiyo siku.

Kwa swali lako la tatu, ndiyo, sivili anaweza. Timu za ukaguzi za Ulaya zilikuwa nyingi za wanajeshi, lakini waliokaa nyuma yao, wakalimani, wanasheria wa kusoma mkataba, watu wa databezi, wa kusoma picha za setilaiti, wengi walikuwa sivili, na groupe ya wataalamu wa embargo ni ya sivili kabisa. Wewe uko na sheria na uko na Kiswahili, Kifaransa na najua Kinyarwanda kidogo, hiyo peke yake ni mali. Ongeza Kiingereza juu mikataba karibu yote inajadiliwa humo, jifunze kusoma ramani na kordone mpaka usikosee, jifunze kutofautisha aina za AK kwa alama za kiwanda, na zoea kuandika ripoti inayosema nimeona hiki, saa hii, mahali hapa, bila kuongeza "bila shaka". Ile protokole ya ukaguzi ya CFE iko wazi kwenye intaneti, isome kifungu kwa kifungu na kalamu mkononi, na ukifika kwenye ile kanuni ya mita 2 niandikie uniambie kwa bunduki za Kivu wewe ungeweka kanuni gani mahali pake.